Mimba Inauma na Shifti Inakusubiri: Lini Uchukue ED, Lini Uitunze Likizo ya Uzazi

"Mimba si ugonjwa." Kauli hii imewabakiza wanawake wengi kwenye shifti ambayo walipaswa kuwa wameshaondoka. Utaisikia kwa supavaiza, utaisikia kwa mama mkwe, na siku mbaya utaisikia hata kwa muuguzi mwenye foleni iliyofika mlangoni. Wala si uongo. Mimba yenyewe si ugonjwa. Ila humo ndani ya mimba kunaweza kuwa na nyonga zinazouma hadi mtu anashindwa kuvaa sketi akiwa amesimama, kutapika kunakommaliza maji mwilini, presha inayopanda kimyakimya, au uvimbe wa kwenye kizazi ulioamua kuanza kuuma mwezi wa nne. Sheria ya kazi ya Tanzania haikujiingiza kwenye ubishi wa kama mimba ni ugonjwa. Inachotaka kujua ni kama daktari amesema mtu huyu anaimudu kazi yake au haimudu. Akisema haimudu, humwandikia ED (excuse duty), yaani ruhusa ya kutofanya kazi kwa siku fulani.

Kinachotuchanganya ni kwamba maswali matatu huwa yanaulizwa kwa pamoja. Je, maumivu haya ni ya kukimbilia hospitali? Je, kazi yangu naiweza nikiwa hivi? Na nikikaa nyumbani, siku hizo zitakatwa kwenye likizo ipi? Mtu asipoyatenganisha hupatwa na moja kati ya mawili: ana dalili ya hatari lakini bado kasimama mapokezi anatabasamu na wageni, au maumivu yake yanatibika lakini amekwisha kula likizo yote ya uzazi kabla mtoto hajazaliwa. Hili la pili ndilo linaloongelewa kidogo zaidi, na ndilo linalouma mfukoni.

Tuanze na yasiyosubiri.

Kutokwa damu ukeni, kidogo au nyingi. Maji kupasuka au kuvuja. Tumbo kuuma sana bila kuachia, au kukaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37. Kichwa kinachogoma kupoa kikiambatana na macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Homa. Kushindwa kupumua. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, maana mimba huongeza uwezekano wa damu kuganda. Mtoto kupunguza kucheza kuliko ulivyomzoea. Ukiona lolote kati ya haya, hujafika kwenye mjadala wa ED. Unaondoka kazini kwenda hospitali, Mount Meru kama uko Arusha mjini, Mawenzi au KCMC kama uko Moshi, au kituo chochote cha afya kilicho karibu kitakachokupa rufaa. Presha ikisoma 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, usikubali kuambiwa ni uchovu wa safari. Pumzika kidogo, ipimwe tena, na mkojo uangaliwe protini. Kifafa cha mimba huanzia hapo, na hakingoji shifti iishe saa kumi na mbili.

Nimeyapitisha haraka kwa sababu kliniki wanayafundisha vizuri, na mabango yake yapo ukutani. Yanayobaki bila bango ni yale mengine: maumivu yasiyomuua mtu, yasiyomdhuru mtoto, lakini yanayomtoa mama machozi akitoka kitandani.

Nyonga na kile kiti cha nyuma

Maumivu ya nyonga ndiyo mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu ndiyo yanayoaminiwa kidogo kuliko yote. Nyonga si mfupa mmoja. Ni mifupa iliyounganishwa sehemu tatu: moja mbele kwenye kinena, mbili nyuma chini ya kiuno. Wakati wa ujauzito mwili hutoa homoni, mojawapo ni relaksini, zinazolegeza kano zinazoshika viungo hivyo. Uzito nao unaongezeka na kusogea mbele. Viungo vikianza kucheza bila usawa, upande mmoja unabeba kuliko mwingine, na maumivu yanaanza kwenye kinena, kiunoni, matakoni, ndani ya mapaja. Takriban mjamzito 1 kati ya 5 hupata hali hii kwa kiwango fulani. Mtoto hana shida yoyote. Mama ndiye mwenye shida.

Tabia yake ya pekee ni kwamba huja pale uzito unapokaa kwenye mguu mmoja. Tazama mtu mwenye nyonga mbovu akipanda kifodi, daladala ndogo, pale Kilombero, Arusha. Kondakta anagonga bodi, "twende, twende, dada sogea nyuma." Kupanda tu ni kusimama kwa mguu mmoja huku mwingine umeinuliwa juu. Kufika kiti cha nyuma ni kupita umeinama, magoti yamepishana, unajipinda kiuno kuwakwepa waliokaa. Kushuka ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma. Akifika kazini anachechemea hatua za mwanzo, kisha ananyooka, na supavaiza anayemwona saa tatu amekaa vizuri kwenye kiti anajisemea moyoni kwamba huyu asubuhi alikuwa anaigiza. Hakuwa anaigiza. Akikaa, kinena kinapumzika. Akisimama, kinaanza upya.

Ndiyo maana maumivu haya hayapimwi kwa kuuliza "yanauma kiasi gani?" Swali la maana ni "kazi yako inakutaka ufanye nini?" Karani anayekaa mezani anaweza kumaliza ujauzito mzima ofisini akiwa na maumivu yaleyale yanayomshinda mhudumu wa vyumba wa hoteli mwezi wa sita. Huyu wa vyumba anainama kutandika, anapiga goti kusafisha bafu, anasukuma toroli la mashuka, anapanda ngazi za wafanyakazi kwa sababu lifti ni ya wageni. Mwanamke wa shamba la maua kule Usa River anasimama mezani kupanga na kufunga maua karibu shifti nzima, kwenye chumba kinachopozwa kwa ajili ya maua wala si kwa ajili yake. Mwongoza watalii yuko kwenye gari linalorukaruka barabara ya vumbi tangu alfajiri. Mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi anasimama vipindi mfululizo, halafu ana zamu ya uwanjani. Nyonga ni ileile, kazi hazifanani, kwa hiyo na jibu haliwezi kufanana.

Kabla hujafikia kukaa nyumbani kuna mengi ya kujaribu. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukufundisha mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo, matako na sakafu ya nyonga, na kukupa mkanda wa kushikilia nyonga. Hospitali kubwa kama KCMC zina kitengo hicho, na kliniki yako inaweza kukuandikia rufaa. Mengine ni ya bure: vaa nguo za chini ukiwa umekaa, panda ngazi moja moja ukitanguliza mguu usiouma, lala ubavu na mto katikati ya magoti, geuka kitandani magoti yakiwa yamebanwa pamoja. Kwenye gari kaa karibu na mlango, tanguliza makalio kisha ingiza miguu yote miwili kwa pamoja. Kama bajaji inawezekana kwa wiki hizo, bajaji ni ya chini na haikudai upite juu ya magoti ya watu. Bodaboda siishauri, na si kwa ajili ya nyonga peke yake.

Kulala kitandani kutwa hakusaidii kama watu wanavyodhani. Misuli inalegea, nyonga zinakosa wa kuzishika, na hatari ya damu kuganda inapanda. Hata kwa wanaohofia kujifungua kabla ya wakati, kulazwa kitandani siku nzima hakujaonekana kuzuia. Kwa hiyo ED ya maana si ya kulala. Ni ya kuondoka kwenye kile kinachoumiza, ukiendelea kutembea polepole nyumbani.

Na dawa. Hapa lazima niseme kwa sauti, kwa sababu mfanyakazi anayeogopa kuomba ruhusa hupitia duka la dawa kwanza, akatoka na vidonge vichache kwenye kibahasha cha kaki visivyo na jina. Mara nyingi humo mna diklofenaki au ibuprofeni. Hizi si dawa za kujinunulia ukiwa mjamzito. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na mimba ikikua zaidi zinaweza kufunga mapema mshipa wa damu karibu na moyo wake ambao haupaswi kufungwa kabla hajazaliwa. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo inayoanziwa kwa kawaida, na kliniki waambiwe. Mtu anayehitaji sindano ya maumivu ili amalize shifti ameshajibiwa swali lake la ED.

Pia usiipe nyonga lawama zote. Maumivu ya chini ya tumbo na mgongo yenye kukojoa mara kwa mara au mkojo kuunguza huenda ni U.T.I., ambayo mjamzito hutibiwa hata kabla haijaanza kumsumbua, kwa kuwa ikipanda kwenye figo inaweza kuleta uchungu wa mapema. Kichomi cha ghafla pembeni ya tumbo ukisimama haraka, hasa miezi ya katikati, mara nyingi ni kano za kizazi zinazovutika na hupita zenyewe. Uvimbe kwenye kizazi unaweza kuuma vikali kwa siku kadhaa na kumlaza mtu hospitali. Kutapika nako kuna mpaka wake: ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito uliokuwa nao kabla ya mimba, yaani kilo 3 kwa aliyekuwa na kilo 60, au maji hayakai tumboni, hiyo si ile ya kawaida ya asubuhi. Inatibiwa, mara nyingine kwa dripu. Utambuzi ukijulikana ni rahisi zaidi kupata cheti chenye maana, kuliko cheti kilichoandikwa "maumivu ya tumbo" tu.

Kabla ya ED kuna kubadilishiwa kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina mlango ambao wengi hatuupiti. Mwajiri haruhusiwi kumtaka wala kumwacha mjamzito au anayenyonyesha afanye kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kama kazi yake ya kawaida ndiyo hiyo, mwajiri anapaswa kumpa nyingine inayomfaa pale inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Mwanamke wa shamba la maua anayeingia kwenye nyumba za maua zilizopulizwa dawa ana haki ya kuhamishwa, na mshahara usishuke.

Usiku nao una kanuni yake. Kwa sheria hiyo usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Miezi 2 kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua, mjamzito hapangiwi kazi ya usiku. Na kabla ya miezi hiyo miwili pia hapangiwi, akileta cheti cha daktari kwamba haiwezi tena. Mpokea wageni wa hoteli mwenye mimba ya miezi mitano asiyelala kwa maumivu anaweza kuhitaji cheti hicho kimoja tu, bila kukosa kazi hata siku moja.

Ila kubadilishiwa kazi kunataka kazini wajue una mimba, na wengi huificha hadi tumbo liseme lenyewe. Sababu naielewa. Kuna mikataba ya mwaka mmoja mmoja, kuna mabosi wanaoanza kukuondoa kwenye ratiba taratibu. Lakini taarifa ya likizo ya uzazi yenyewe inatakiwa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Kwa hiyo siri ina mwisho wake kisheria karibu na mwezi wa sita. Kwa maoni yangu, siku maumivu yanapoanza kugusa kazi ndiyo siku ya kusema, hata kama ni mwezi wa nne. Ulinzi wa kisheria dhidi ya ubaguzi kwa sababu ya mimba ni mgumu kuutumia iwapo mwajiri anaweza kujibu kwamba hakujua.

Ikishindikana kubadilishiwa, au kazi yote ni ya aina moja, ndipo ED. Na hapa namna unavyoongea na daktari ina uzito kuliko unavyofikiri. Wengi tunaongea hivi:

"Shida nini, mama?"

"Kiuno, dokta."

"Pole. Ni mimba hiyo. Kunywa maji, pumzika."

Daktari huyo hajakosea. Amejibu alichoulizwa. Jaribu kumwambia hivi: "Dokta, nafanya usafi wa vyumba hotelini. Nikisimama nusu saa kinena kinakata. Ngazi napanda kwa kushika ukuta. Usiku kila nikigeuka naamka. Jana nilishindwa kuinua ndoo." Sasa ana cha kuandika. Hajui kazi yako inafanana vipi usipomwambia, na cheti kinachosema "asisimame muda mrefu, asinyanyue mizigo, kwa wiki 4" kinaweza kukufaa kuliko ED ya siku 3 inayokwisha kabla nyonga hazijapoa.

Cheti kitoke kwa daktari aliyesajiliwa. Sheria inamruhusu mwajiri kukubali na mtaalamu mwingine wa tiba, na inamkataza kumkataa bila sababu ya msingi. Bila cheti, mwajiri hana wajibu wa kulipa siku hizo. Kipige picha kabla hujakikabidhi, na taarifa itume kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp:

"Habari za asubuhi dada. Nimetoka hospitali, daktari amenipa ED ya siku 7 kuanzia leo. Picha ya cheti hii hapa, chenyewe nitamtuma mtu akilete. Naomba siku hizi ziingie likizo ya ugonjwa."

Hiyo sentensi ya mwisho watu huisahau, na ndiyo yenye pesa.

Mifuko mitatu, na hesabu yake

Zichukulie likizo zako kama mifuko mitatu iliyoshonwa mbalimbali. Wa kwanza ni likizo ya mwaka, siku 28. Wa pili ni likizo ya ugonjwa, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Wa tatu ni likizo ya uzazi, siku 84 zenye malipo, au 100 kama umezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Mwajiri haruhusiwi kukupa likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine unayostahili. Kwa hiyo ukisikia "dada, hizi ED zimekuwa nyingi, tuzikate kwenye annual yako," jibu ni hapana, kwa adabu, na kwa maandishi.

Mkanganyiko mkubwa uko kati ya mfuko wa pili na wa tatu. Likizo ya uzazi unaweza kuianza kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi kama daktari atathibitisha kwamba inahitajika kwa afya yako au ya mtoto. Maneno hayo, "mapema zaidi", yanasikika kama huruma. Ni huruma kweli kwa aliyekwisha kumaliza siku zake za ugonjwa. Kwa ambaye hajazigusa, ni mtego.

Chukua yule mhudumu wa vyumba. Yuko wiki ya 30, daktari amesema asifanye tena kazi ile, na hoteli haina nyingine ya kumpa. HR, afisa rasilimali watu, kwa nia njema anamwambia, "Anza tu maternity, dada, upumzike." Tuseme atajifungua wiki ya 40. Hizo ni wiki 10, siku 70. Siku anayotoka wodini amebakiwa na siku 14 za likizo ya uzazi. Na sheria hiyohiyo haimruhusu kurudi kazini ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Yaani ana siku 42 ambazo hatakiwi kazini, na siku 14 tu za kulipwa.

Sasa mpeleke njia nyingine. Wiki ya 30 hadi ya 36 anakaa kwa likizo ya ugonjwa, cheti kikihuishwa kila kinapokwisha. Siku 42, zote ndani ya zile 63 za mshahara kamili, kama hakuwa amezitumia kwa malaria au kitu kingine ndani ya mzunguko huo. Wiki ya 36 anaanza likizo ya uzazi: siku 28 kabla ya kujifungua, 56 baada. Au, daktari akiona bado ni mgonjwa, anaendelea na ya ugonjwa hadi siku ya kujifungua: siku 63 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kisha likizo ya uzazi nzima, siku zote 84, akiwa na mtoto mkononi. Sheria inasema *anaweza* kuanza wiki 4 kabla. Haimlazimishi.

Kwa familia za huku Arusha na Kilimanjaro hesabu hii haiishii kwenye karatasi. Mama mkwe wa Kichaga anayeshuka kutoka Marangu na ndizi za mtori hajaja kwa wiki mbili. Kwa desturi mzazi hutunzwa miezi mitatu, anakula, ananyonyesha, hagusi jembe. Siku 84 ni karibu kabisa na miezi hiyo mitatu, na haipendezi kumwona mzazi akihesabu siku za HR huku sufuria ya mtori bado iko jikoni.

Hasara ya njia hii ipo, nayo isemwe. Siku za ugonjwa ni za miezi 36, hazianzi upya mtoto akizaliwa. Ukizimaliza kwenye ujauzito, ukiugua mwakani utakuwa kwenye nusu mshahara au bila kitu. Ndiyo maana ile hatua ya kubadilishiwa kazi si ya kurukwa: kila wiki unayofanya kazi nyepesi badala ya kukaa nyumbani ni siku 7 ulizookoa.

Ambao mifuko yao ina matobo

Mwenye chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hii. Kuna watu wawili wanaotolewa kwenye kanuni hiyo: mfanyakazi wa msimu, na yule anayeitwa na mwajiri mmoja zaidi ya mara moja kwa mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa vinazidi miezi 6. Kwa Arusha hawa si wachache. Ni wapishi wa kambi za watalii, wachumaji, wahudumu wanaoitwa msimu wa wageni ukifunguka mwezi Juni na kuachwa mvua za masika zikianza. Tunza mikataba yako yote, hata ya miezi miwili, maana hiyo jumla utaidai kwa karatasi.

Mfanyakazi wa ndani naye ni mwajiriwa mbele ya sheria hii. Dada anayelea watoto wa mwingine kule Njiro huku mimba yake ikimuuma ana siku zilezile 126 na 84. Najua ni wangapi wanaozipata. Watumishi wa umma wao, pamoja na sheria, wana Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, kwa hiyo mwalimu wa shule ya serikali aanzie kwa mwajiri wake, halmashauri, kabla ya kufuata hesabu ya hapo juu. Mama anayeuza ndizi soko la Memorial, Moshi, hana wa kumwandikia ED. Kwake yeye likizo ni binamu anayekaa mezani badala yake, na kliniki ndiyo haki pekee anayoweza kuidai.

Kufukuzwa kazi kwa sababu inayohusiana na mimba si sababu halali, sheria imelitaja hilo waziwazi. Likitokea, shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Arusha na Moshi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama kukatwa mshahara wa siku za ED, yana siku 60. Siku hizo hupita haraka kwa mtu anayeumwa, kwa hiyo mume, dada, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aanze kufuatilia mapema. Kwenye hoteli na majumbani ni CHODAWU, mashambani TPAWU. Uliza pia kama kuna mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri, kwa sababu unaweza kuwa umetoa zaidi ya sheria.

Mtoto akija kabla ya muda, mambo yanabadilika kidogo kwa upande mzuri. Kwenye Mei Mosi ya 2024, iliyofanyika kitaifa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa Arusha, Serikali ilitangaza kuwaongezea muda akina mama waliojifungua watoto njiti, na marekebisho ya sheria za kazi yaliyofuata yakaliingiza hilo. Hivyo mama anayekaa wodi ya njiti wiki kwa wiki akimpa mtoto joto la kifua asikubali kuhesabiwa kama aliyejifungua kwa wakati. Aandike barua, aambatanishe karatasi za hospitali.

Kwa wengi nyonga hutulia ndani ya wiki au miezi michache baada ya kujifungua. Kwa wachache hazitulii, na likizo ya uzazi inakwisha mtu bado anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Huyo arudi kwa daktari na kwa fiziotherapia kabla ya siku ya kuripoti, si baada ya wiki ya kwanza ya kujikaza, kwa sababu cheti kipya kinamrudisha kwenye mfuko wa ugonjwa na siku alizobakiza humo. Akiripoti kazini, ana hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Azipange na HR kwa maandishi kabla hajaingia kwenye ratiba.